Kwaheri Mbili za Mwalimu Chips

Mwaka 2023, miezi michache baada ya vita kuanza mjini Khartoum, chuo chetu cha walimu kilimuaga mzee mmoja aliyekuwa mtunza ghala kwa muda wa miaka 31. Shughuli ilifanyika siku ya Ijumaa alasiri katika ukumbi wa chakula. Palikuwa na chai ya maziwa, mandazi, na keki iliyoandikwa jina lake kwa sukari ya rangi. Zawadi zilikuwa blanketi zito na saa ya ukutani. Mkuu wa chuo aliposimama kutoa hotuba, redio ya jikoni ilikuwa ikisoma habari za Sudan, nayo ilisikika wazi kupitia dirisha la kupitishia sahani. Mpishi mmoja akanyosha mkono, akaizima. Hotuba ikaendelea. Tulicheka palipostahili kicheko, tukapiga makofi, na mzee akapokea blanketi lake kwa mikono miwili.

Sisemi kwamba tulikosa. Lau ningekuwa karibu na redio ile ningeizima vilevile, kwa kuwa mtu aliyehesabu magodoro na masufuria ya watu kwa miaka 31 anastahili kusikilizwa kwa nusu saa. Lakini mkono ule wa mpishi ulinikumbusha kitabu kidogo nilichokisoma mara ya kwanza nikiwa mwanafunzi chuoni, tena nilikichagua kwa uvivu, kwa sababu kilikuwa chembamba kuliko vyote katika rafu. Ni Goodbye, Mr. Chips, hadithi ya James Hilton, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1900. Hadithi hiyo ilitoka kwanza katika gazeti la British Weekly mwezi wa Desemba 1933, ikachapishwa kuwa kitabu mwaka 1934. Mwaka 1939 ikafanywa sinema, na watu wengi waijuao leo waliijua kwa macho kabla ya kuijua kwa kusoma.

Kwa msomaji asiyekifahamu kitabu hiki nitaeleza kwa ufupi. Mwalimu Chipping, ambaye wanafunzi wanamwita Chips, alizaliwa mwaka 1848, akafika katika shule ya Brookfield mwaka 1870 kufundisha Kilatini na Kiyunani. Brookfield ni shule ya bweni ya wavulana, ya kubuniwa, nayo haimo katika shule za mbele kabisa za Uingereza. Chips naye si mwalimu wa mbele kabisa. Hana shahada kubwa, hana uvumbuzi, na kwa miaka mingi huwa mkavu kama chaki yake. Akiwa na umri wa miaka 48 akamwoa Katherine, msichana mwenye mawazo mapya, naye akamlainisha. Kisha, mwaka 1898, mke huyo akafa katika uzazi pamoja na mtoto. Wahakiki wengi husimama hapo na kusema mengi juu ya mapenzi hayo. Mimi nitapita. Katherine ni mtu mwema mno kuwa mtu, na Hilton mwenyewe ni kama anamharakisha atoke ili arudi kwa mzee wake.

Sifa ambayo kitabu hiki kimepewa siku zote ni utamu. Husemwa kwamba ni kitabu cha kuwatoa machozi wazee waliosoma shule za namna hiyo, wakikumbuka kengele na kabumbu na harufu ya madawati. Sifa hiyo ni ya kweli, nayo ni nusu ya lawama, maana utamu mwingi huchosha ulimi. Lakini katikati ya kitabu, mahali vita vinapoingia, mna kitu kisicho kitamu. Nimekisoma kitabu hiki zaidi ya mara kumi, na rai yangu ni kwamba thamani yake yote inakaa katika kwaheri mbili: moja iliyofanywa kwa karamu mwaka 1913, na nyingine ambayo haikufanywa kwa chochote, mwishoni mwa vita.

Tuanze na ile ya karamu. Majira ya baridi ya mwaka huo Chips aliugua kifua, akakosa kazi kwa muda mrefu, hivyo akaamua kustaafu, naye ana miaka 65. Mwezi wa Julai shule ikamwandalia chakula cha kumuaga, pamoja na zawadi na hotuba. Kila mtu aliyewahi kufanya kazi mahali pamoja na wenzake ameiona karamu hiyo, iwe ni katika ofisi ya posta au karakana ya reli. Kiranja wa shule anamsifu. Chips anasimama na kujibu kwamba kijana huyo ametia chumvi, wala si ajabu, kwa kuwa hata baba yake alikuwa na tabia hiyo hiyo ya kutia chumvi katika alama zake za Kilatini. Ukumbi unaangua kicheko. Anatia misemo ya Kilatini hapa na pale. Kisha anasema neno moja ambalo wasikilizaji wake wanalipokea kama mzaha wa mzee: kwamba yeye hukumbuka nyuso za wanafunzi wake kama zilivyokuwa utotoni, na kwamba wakija kumtembelea baada ya miaka mingi, wakiwa watu wazima wenye ndevu, huenda asiwatambue, maana kwake yeye hawatakua kamwe.

Katika hotuba za kuagana za kwetu hakuna anayesahau kusema kwamba milima haikutani lakini binadamu hukutana. Maneno ya Chips ni ya ukoo huo. Yanachukulia kwamba kutakuwa na kukutana. Hilton hatuambii lolote zaidi. Haandiki kwamba wingu jeusi lilikuwa likijikusanya, wala hamfanyi mtu yeyote mezani ashikwe na baridi ya ghafula, kama ambavyo mwandishi mwenye pupa angefanya. Anaacha watu wacheke. Lakini msomaji ameuona mwaka uliotajwa, na anajua kuhesabu. Wavulana wanaocheka Julai 1913 ndio umri ule ule utakaopelekwa mitaroni mwaka 1915 na 1916. Wengi wao ni kweli hawatakua kamwe. Mzaha wa mzee utatimia neno kwa neno, na kitabu hakirudi kuutaja. Nilisoma mara tatu au nne kabla ya kuliona jambo hili, nami namshukuru Hilton kwa kuninyima msaada.

Baada ya karamu Chips anakwenda Wiesbaden, Ujerumani, kukaa majuma machache nyumbani kwa Max Staefel, mwalimu wa Kijerumani pale Brookfield, kijana aliyepungua umri wake kwa miaka 30 hivi. Wanaelewana vizuri. Safari hiyo inaelezwa kwa mistari michache, kama jambo lisilo na uzito. Msomaji na aikumbuke.

Vita vinapoanza Agosti 1914, Chips anakaa katika chumba cha kupanga mbele ya lango la shule. Vita viko mbali. Kengele inalia saa zake, watoto wanacheza kabumbu, mwalimu mkuu Chatteris anahangaika kwa kuwa walimu vijana wamekwenda jeshini. Mabadiliko makubwa ni moja tu: Jumapili jioni, kanisani, Chatteris husoma orodha ya wanafunzi wa zamani waliouawa, na maisha yao kwa maneno machache. Chips, akiwa ameketi kiti cha nyuma, anafikiri kwamba kwa Chatteris hayo ni majina tu, lakini yeye anaziona nyuso. Hapo ndipo hotuba ya 1913 inapolipwa deni lake. Zile nyuso zisizokua ndizo anazoziona zikipita.

Mwaka 1916 Chatteris anamwomba arudi kazini, na mzee anarudi. Mwaka 1917 Chatteris anakufa kwa maradhi, na Chips anafanywa kaimu mwalimu mkuu hadi vita vitakapokwisha. Mtu aliyekwisha kuagwa, akapewa zawadi zake, amerudi kushika kazi kubwa kuliko ile aliyoagwa nayo. Hapa yafaa nisimame niseme kidogo juu ya kazi yenyewe, kwa kuwa baadhi ya wahakiki humlaumu Hilton wakisema kwamba Kilatini katikati ya mauaji ni upuuzi, na kwamba kitabu kinawafundisha watu kugeuza uso. Lawama hiyo ni nzito na haijibiwi kwa kusema kwamba mzee ni mpenzi wa watu. Ikiwa kitabu kinasema kwamba maadam kengele inalia basi yote ni salama, kitabu hicho ni kibaya.

Wanaokitetea hukimbilia ile sura ya mabomu. Usiku mmoja wa mbalamwezi ndege za Kijerumani zinapita juu ya Brookfield, na Chips, akiwa na darasa la wadogo, anaona kwamba kubaki chumba cha chini ni salama sawa na kwenda mahali pengine. Basi anaendelea na somo. Anamwita mvulana mmoja atafsiri, na anamchagulia kwa makusudi kipande cha Julius Caesar kinachoeleza jinsi Wajerumani wanavyopigana. Wavulana wanacheka huku madirisha yakitikisika. Sinema ililipenda sana tukio hili. Nami nalipenda, lakini siliweki mbele. Linatafuta makofi. Tena lina shimo ambalo msomaji mwepesi hulivuka bila kuliona: asubuhi inajulikana kwamba mabomu matano yalianguka na watu 9 waliuawa, la karibu kabisa likiwa nje kidogo ya viwanja vya shule. Watu hao 9 wanahesabiwa tu. Katika kitabu ambacho kimejaa majina ya wavulana, baba zao na babu zao, watu waliokufa nje ya ua hawana hata jina moja.

Jibu la kweli la ile lawama liko mahali pengine, tena pakimya. Jumapili moja Chips anasimama kanisani na orodha yake. Baada ya kumaliza majina anaongeza la Max Staefel. Anaeleza kwamba wachache waliokuwapo shuleni zamani watamkumbuka mwalimu huyo. Kwamba vita vilimkuta kwao Ujerumani. Kwamba alikuwa na marafiki wengi hapa. Na kwamba ameuawa juma lililopita upande wa magharibi wa vita. Kisha anaketi, naye amebadilika rangi kidogo, kwa kuwa anajua amefanya jambo lisilo la kawaida, na hakumtaka shauri mtu yeyote.

Watu wakitoka, anawasikia wavulana wakibishana nje. Mmoja anauliza kama maana yake ni kwamba mwalimu huyo alikuwa akiwapigania Wajerumani. Mwingine anadhani ndivyo. Wa kwanza anaona ni ajabu kumsoma pamoja na wengine, kwani alikuwa adui. Mwenzake anamjibu kwamba ni moja tu ya fikira za mzee Chips. Mzee anayasikia hayo chumbani mwake wala hachukizwi.

Tazama jinsi jambo hili lilivyoandikwa. Hakuna mahubiri. Hakuna mvulana anayeongoka na kulia. Wavulana wanabaki na shaka yao, na shaka yao ni ya haki. Pengine mmoja wao ana kaka aliyeuawa na jeshi lile lile. Hilton alikuwa mwanafunzi wa shule ya The Leys, Cambridge, katika miaka ya vita hivyo, na bila shaka alijua ukimya wa kanisa la shule baada ya orodha. Ndiyo sababu hakuharibu kitu. Tena Chips hatoki katika kazi yake ya kila siku ili afanye tendo la kishujaa. Haandiki gazetini, wala haendi barabarani. Kazi ya mwalimu ni kuita majina asubuhi na kujua nani yupo na nani hayupo. Chips anaita majina. Anachofanya ni kukataa kulifuta jina katika daftari kwa sababu ya mpaka wa nchi. Hapo maisha ya kila siku hayavipi vita kisogo. Yamevitazama kwa jicho lake lenyewe.

Ndipo inapokuja kwaheri ya pili. Tarehe 11 Novemba 1918 habari za amani zinafika. Shule inapewa mapumziko ya siku nzima, wapishi wanaombwa waandae chakula cha furaha kadiri mgao wa wakati wa vita unavyoruhusu, na katika ukumbi wa chakula wavulana wanapiga kelele na kurushiana mikate. Chips anachungulia kwa muda mfupi. Wanamnyamazia, kisha wanamshangilia. Anarudi kwake katika ukungu, na baridi ile inamlaza kitandani hata baada ya Krismasi. Lakini usiku ule ule alikuwa amekwisha kupeleka barua ya kujiuzulu kwa bodi ya shule. Muhula mpya unapoanza, yeye yuko tena chumbani kwake ng'ambo ya barabara. Kwa ombi lake hakuna hotuba wala zawadi. Kuna kupeana mkono na mrithi wake tu, na neno «kaimu» linakatwa kwa kalamu katika karatasi za ofisi.

Ningependa kila msomaji aisome sura ya karamu na mistari hii michache kwa kikao kimoja. Mara ya kwanza Chips aliagwa na watu waliojua kumcheka na kumpenda, kabla hawajapata hasara. Mara ya pili shule ina deni kubwa zaidi kwake, naye hataki kuagwa. Kwa nini? Hilton hasemi. Wengine hudhani ni unyenyekevu. Mimi naona ni hesabu. Mtu aliyesoma orodha ile kila Jumapili hawezi kusimama tena kuwaambia wavulana kwamba hawatakua kamwe, na hana mzaha mwingine. Basi ananyamaza, na neno moja lililokatwa katika karatasi linafanya kazi ya hotuba nzima. Katika fasihi niliyoisoma sijaona kuagana kazini kulikoandikwa kwa wino mchache hivyo na kukatosha.

Na hapa ndipo mimi, mwalimu wa Kenya, ninapokuwa na neno na Hilton. Siku ile mikate inaruka huko Brookfield, vita vile vile vilikuwa havijaisha huku kwetu. Jemadari von Lettow-Vorbeck na jeshi lake la Kijerumani walikuwa Rhodesia ya Kaskazini, wakifuatwa na askari wa King's African Rifles, na hakusalimu amri hadi tarehe 25 Novemba, huko Abercorn, mji uitwao sasa Mbala nchini Zambia. Kwa majuma mawili baada ya wavulana wale kushangilia, wapagazi walikuwa bado na mizigo vichwani. Jina la Kariokor mjini Nairobi limetokana na kikosi cha wapagazi hao, na wenzetu wa Dar es Salaam wana Kariakoo yao. Makumi ya maelfu walikufa, wengi wao kwa kuhara damu, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Katika barabara iitwayo sasa Kenyatta Avenue zimesimama sanamu tatu tangu mwaka 1928, na mmoja wa watatu hao ni mpagazi. Maandishi yake ni ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Jina la askari au mpagazi hata mmoja halimo.

Msomaji atasema si haki kumdai mwandishi wa hadithi ya shule ya Kiingereza habari za Kariokor. Nakubali. Kitabu hulaumiwa kwa kile kilichoahidi, wala si kwa kile kisichokuwamo katika safari yake. Lakini Hilton ndiye aliyetufundisha kusikiliza majina. Mwandishi akishatufundisha hivyo, tutasikiliza hata pale alipodhani hakuna mtu anayesikiliza: kwa wale 9 nje ya ua, na kwa wapishi walioombwa chakula cha furaha siku ya amani, ambao hatujui kama mwana wa mmoja wao alikuwa katika orodha yoyote. Kasoro hii haikivunji kitabu. Inaonyesha ua wake unaishia wapi, na Hilton, kwa bahati au kwa akili, ametupa sisi wenyewe futi ya kuupimia.

Mwaka jana nilisoma sura ya Staefel pamoja na walimu wanafunzi wa mwaka wa pili. Nilipomaliza kuisifu, binti mmoja mnyamavu aliyekaa nyuma akanyosha mkono. «Mwalimu,» akasema, «Chips alimsoma Staefel kwa sababu alikuwa rafiki yake, tena alilala nyumbani kwake. Wajerumani wengine waliouawa juma lile hakuwasoma.» Nikamjibu kwamba Chips hakuyajua majina yao. Akasema hilo ndilo hasa alilokuwa akilisema. Tangu siku hiyo nimeirudia sura ile mara mbili nikitafuta la kumjibu, na sijalipata.